Njia ya Maji Haibuniwi

Nei Teretia, yaani Bi Teretia, alifundisha historia kisiwani Rabi kwa miaka ishirini na sita, na muda wote huo vitabu vilivyoletwa shuleni viliwataja Wabanaba kwa mistari miwili: kisiwa chao, Banaba, kilichimbwa fosfeti ya mbolea, wakahamishiwa Rabi. Basi. Watu wa kisiwa kizima na makaburi yao, mistari miwili! Mwaka wa ishirini na sita akaamua kuwaandikia watoto kitabu chake mwenyewe.

Penye mchoro wa ndege wa baharini, mtoto alijua kwamba hayo yalitokea kweli. Penye mchoro wa kaa, mwalimu katunga. Na mwisho wa kila sura palikuwa na kazi ya kufanya: suka, chora, pika, kamuulize babu.

Sura ya nne ilihusu ukame. Kule Banaba hapakuwa na mto wala kisima. Mvua ikigoma, wanawake walishuka mapangoni, gizani, kuchota maji kwa vifuu vya nazi. Wanawake tu, mwanamume hakutia mguu. Njia haikuandikwa popote. Mama alimshika bintiye mkono, wakaenda. Sasa Rabi nzima alikuwa amebaki mmoja tu aliyewahi kuipita, Nei Karawa, ajuza wa miaka sabini na minane mwenye ukungu machoni. Lile pango lenyewe lilikwisha kusagwa na mashine, likasafirishwa kwenda kurutubisha mashamba ya watu.

Teretia alimwendea mara tatu, na mara tatu alinyimwa.

"Nikikwambia utaandika," alisema Nei Karawa. "Ukiandika, wavulana watasoma. Mbona unanitafutia laana uzeeni?"

"Na ukiondoka, Mama?"

"Nitaondoka nayo. Kwani ni yako?"

Sherehe ya Desemba kumi na tano, siku wazee walipofika Rabi, ilikuwa inabisha hodi, na kitabu kilipaswa kusomwa siku hiyo mbele ya kisiwa kizima. Teretia akaibuni njia. Alichora mistari ya kupindapinda, akaweka kaa pembeni, akaandika chini yake: "Pitisha kidole mpaka kwenye maji." Akakirudufu kitabu nakala themanini kwa mashine ya shule mpaka mikono ikawa wino mtupu. Maskini, alijiona ametimiza haki pande zote mbili.

Nakala ya kwanza alimpelekea Nei Karawa. Bibi aliusogeza ukurasa hadi puani, akaweka kidole mlangoni mwa pango. Kidole kikashuka, kikapinda, kikashuka tena. Kwenye kona ya tatu kikasimama.

"Hapa tumekufa," alisema.

"Ni mchezo tu, Mama. Nimeweka kaa, watoto wanajua si kweli."

"Mdogo wangu Tebora alipinda kushoto hivi hivi. Mkono wake uliniponyoka. Tulimwita siku mbili." Akakifunga kitabu. "Buni watu, Mwalimu. Buni samaki wanaosema. Njia ya maji haibuniwi."

Teretia alirudi shuleni na nakala ile, akilia, wala hakujificha. Alikaa sakafuni akachana ule ukurasa, nakala moja baada ya nyingine, zote themanini. Ndiyo maana hadi leo kitabu kile kinaruka kutoka ukurasa wa thelathini kwenda wa thelathini na tatu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba sasa njia ingezikwa pamoja na bibi, na yeye ndiye aliyeifunga kabisa.

Asubuhi ya tatu, habari za ukurasa uliochanwa zikiwa zimemfikia, Nei Karawa aliingia darasani na fimbo yake na kikapu cha vifuu. Akaamuru madawati yapangwe upya, madirisha yazibwe kwa mikeka, wavulana watoke.

"Na sisi je, Bibi?" alilalamika Ioane, msemaji wa darasa. "Tufe kiu?"

"Ninyi kaeni mlangoni mngojee, kama babu zenu. Kungoja waliweza sana."

Hata Teretia alicheka. Kisha mkeka wa mwisho ukashushwa, giza likajaa.

Wasichana kumi na tisa walishikana mikono, bibi mbele, mwalimu nyuma.

"Inama. Kulia. Papasa mwamba. Usiuachie mkono wa mwenzio hata ukipiga chafya."

Kwenye kona moja bibi alisimama, akalitaja jina la Tebora kwa sauti ya kawaida, akapinda upande wa kulia. Walizunguka, wakainama, wakatambaa chini ya madawati. Hatimaye akasema, "Hapa. Pigeni magoti. Wekeni vifuu chini."

Walipiga magoti kwenye saruji kavu.

"Bibi," msichana mmoja alinong'ona, "mbona hamna maji?"

"Yanadondoka polepole. Subiri."

Wakasubiri. Hakuna aliyecheka. Muda mrefu ukapita kabla bibi hajasema inatosha, turudi. Teretia aliinuka gizani, mkono mmoja kwa msichana aliyemtangulia, mwingine umeshika kifuu, na njia nzima ya kurudi alikwenda taratibu, akiangalia kisimwagike.