Tapeli Wetu wa Sarang'ombe

Anko alipotoka jela, Mama alimpa sahani, blanketi na masharti. Ufunguo hakumpa. Kila alipoenda kuuza samaki alitia mlango kufuli, na Anko, kaka yake wa tumbo moja, akakaa nje kwenye stuli mpaka arudi. Mtaa wetu wote wa Sarang'ombe ulijua kwamba aliwahi kujifanya wakala wa nyumba kule Kawangware. Nilimwonea huruma, ila hata mimi nililala na simu chini ya mto.

Jioni majirani walijaa kwetu kutazama tamthilia ya tapeli anayewasaidia wapelelezi. Yule wa kwenye runinga alivaa suti, akatabasamu, na kila mtu akampenda. Hilo liliniudhi sana. Wa kwetu alikaa karibu na mlango, majibu yote anayo, na hakuna aliyemuuliza.

Siku moja matangazo yalipoingia, jirani yetu mshona nguo akatuambia amepata nyumba ya kupanga kwenye plot moja yenye wapangaji wengi, Riruta Satellite. Caretaker mwenyewe, msimamizi wa plot, amemwonyesha, na deposit ya kodi anaitaka kesho.

"Mlipoingia kwa plot," Anko akauliza polepole, "kuna mtu alimuuliza maji itarudi lini?"

"Hapana."

"Hata mama mmoja hakumgombeza?"

"Walikuwa wanakata sukuma wiki. Walituangalia tu."

"Basi huyo si caretaker. Mimi nikifanya hiyo kazi, hiyo ndiyo kitu nilikuwa naogopa. Watu wa plot wakininyamazia."

Tulicheka, maana caretaker wetu hupita akinyata kama mwizi kwa kuogopa wamama. Mama hakucheka.

Kesho yake mshona nguo alirudi kule bila ile deposit, akawauliza wapangaji. Caretaker wao ni mwanamke, na nyumba ile ina mwenyewe, amesafiri ushago, kijijini kwao. Aliporudi alimshika Anko mkono mbele ya watu wote.

Asubuhi iliyofuata Mama alifunga kufuli, akautia ufunguo kwenye kiganja cha kaka yake, akaenda zake bila neno.

Mchana mvua ilinyesha. Jioni niliporudi na Mama tulimkuta Anko palepale kwenye stuli, shati limemganda mwilini, kufuli halijaguswa. Moyo uliniuma.

"Si nilikuachia ufunguo?" Mama akauliza.

"Hukusema niingie."

Mama aligeukia pembeni, akajifanya anatafuta kitu kwenye beseni la samaki, na beseni lilikuwa tupu.

"Fungua basi," alisema. "Nimechoka kusimama."