Nilisaini "nimepokea" mara mbili na pesa sijaiona: yaliyonikuta kwa wakala wa mafundi Kariakoo

Wakuu, amani kwenu.

Nina miaka arobaini na saba na si mtu wa kulialia mitandaoni. Ninayoandika hapa yamenikuta mwenyewe. Majina nimebadilisha na kampuni siitaji, kwa sababu shauri bado linaendelea. Mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Mimi ni fundi viyoyozi. Chuo sikwenda. Nilijifunza kwa vitabu vya mitumba na kwa kufungua mashine mbovu nilizopewa bure, moja baada ya nyingine, mpaka nikajua gesi inapita wapi na inakwama kwa nini.

Miaka miwili iliyopita niliingia mkataba na kampuni ya wakala, ofisi yao iko jirani na Mnazi Mmoja. Wao wanatafuta wateja, sisi mafundi tunakwenda saiti. Mteja anawalipa wao, wao wanatulipa sisi. Nilipangiwa jengo la ghorofa sita Kariakoo, maduka ya nguo na vipodozi kuanzia chini mpaka juu. Viyoyozi themanini na tatu, laki sita na nusu kwa mwezi.

Utaratibu wa malipo ulikuwa hivi. Mwisho wa mwezi unakwenda ofisini, unakuta vocha yenye jina lako, na chini yake maneno "Nimepokea fedha zote". Unasaini kwanza. Pesa inaingia kwenye simu jioni.

Najua kuna mtu ataniuliza nilisainije kabla ya kupokea.

Mkuu, wewe umefanya kazi mji gani? Semina unasaini kwanza. Kibarua cha kushusha mzigo unasaini kwanza. Na mimi pesa iliingia kila mwezi bila kukosa, zaidi ya mwaka mzima. Ukishazoea, hata yale maneno huyasomi tena.

Mwezi wa pili mwaka huu nikasaini. Jioni simu kimya. Kesho yake kimya.

Nikampigia Neema, dada wa uhasibu. Akasema, "Kaka yangu, vumilia. Mangi hajatulipa."

Mangi ndiye msimamizi wa lile jengo, Mchaga wa Rombo. Pale wote wanamwita hivyo. Nikaamini. Mwezi mzima nikawa namsalimia kwa shingo upande, mtu asiye na kosa. Hilo najuta.

Mwisho wa mwezi wa tatu nikarudi ofisini. Vocha nyingine mezani. Nikamwuliza Neema nitasainije ya pili wakati ya kwanza sijaiona. Akanijibu kwamba vocha zisipotimia mkurugenzi haidhinishi malipo, kwa hiyo mimi ndiye ninayewachelewesha wenzangu.

Wenzangu saba walikuwa kwenye benchi nyuma yangu. Mmoja akasema, "Mzee, saini basi, au unasoma hukumu?"

Wakacheka. Nikasaini.

Hilo ndilo kosa langu, nalitaja mwenyewe kabla hamjanitajia.

Sasa mjue nilikuwa natetea nini. Napanga Ilala, chumba na sebule, na kibaraza ninachotengenezea mafriji ya majirani. Miaka tisa. Kodi ni laki na nusu kwa mwezi, na mama mwenye nyumba, Bi Zuhura, anachukua ya miezi sita kwa mkupuo kama ilivyo desturi ya mji huu. Laki tisa. Mkataba wa nyumba ulikuwa unaisha na mwezi wa nne.

Mwezi wa nne ulipoisha sikusaini. Neema akaniambia asiyesaini hayumo kwenye orodha. Nikatoka pale kwa miguu mpaka Kariakoo, moja kwa moja kwa Mangi.

Nikamwambia, "Mangi, miezi mitatu hujatulipa na mimi nafukuzwa nyumba."

Akanitazama kama nimemtukania mama yake. "Mimi? Mimi nikae na jasho la mtu? Keti hapo."

Akafungua droo, akatoa risiti za mashine alizopewa na kampuni, akazipanga mezani. Mwezi wa pili, wa tatu, wa nne. Zote amelipa kabla ya mwezi kuisha.

Akampigia mkurugenzi, akaweka sauti ya nje.

"Fundi wako anasema hajalipwa."

"Bosi wangu, huyo mzee tumemlipa," mkurugenzi akajibu, sauti tulivu kabisa. "Ana mambo yake ya nyumbani tu. Vocha ninazo hapa, amesaini."

"Ngapi?"

"Mbili."

"Na ya tatu?"

"Hiyo anaipata leo."

Nilikuwa nimesimama mita moja kutoka kwenye simu ile. Wakuu, mtu akichelewa kukulipa unaweza kusema amebanwa. Huyu alikuwa na pesa, na anajua hesabu ya saini zangu kuliko ninavyojua mimi. Kila siku niliyoambiwa nivumilie, pesa yangu ilikuwa tayari kwao.

Jioni ile laki sita na nusu ikaingia. Katika miezi ile mitatu, mwezi pekee niliolipwa ni ule ambao sikusaini.

Mangi hawezi kulipa mara mbili, na sikumwomba. Alinipa nakala za risiti na barua yenye mhuri. Nikaenda ofisi ya usuluhishi wa kazi. Ofisa akaweka mbele yangu zile vocha mbili, zilizoletwa na kampuni.

"Saini hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Nisomee hayo maneno ya juu yake."

Nikayasoma. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Kampuni sasa inasema ilinilipa taslimu mkononi. Nimeleta taarifa ya simu ya miaka miwili kuonyesha kwamba hawakuwahi kunilipa taslimu hata mara moja. Wenzangu nimewapigia wote saba. Wawili wamekubali kuja kutoa ushahidi kwamba pale mtu husaini kabla ya kulipwa. Watano wanaogopa kukosa saiti.

Kwa Bi Zuhura nilipeleka laki sita, ya miezi minne. Akanirudishia kwa mikono miwili. "Baba Salma, wewe ni mtu mwema, lakini yupo aliyeleta ya miezi sita kamili tangu juzi. Na mimi nina paa la kuezeka."

Nimehamia Chanika, chumba kimoja. Kibaraza hakuna.

Nilichojifunza ni hiki. Vocha isomwe kila mwezi, hata kama mtu anacheka nyuma yako. Ukilazimishwa kusaini kwanza, andika kwa mkono wako "fedha sijapokea" na tarehe, piga picha, ndipo usaini. Na mteja mwulize mapema, usisubiri miezi mitatu kama mimi.

Shauri linasikilizwa Jumanne. Wapo walionishauri niikane ile saini. Siikani, ni yangu. Mwenye uzoefu wa mambo haya aniambie hapa chini: yupo aliyewahi kukiri saini yake mbele ya ofisa, na bado akalipwa haki yake?