Kilimia Ndani ya Moshi

Dhiki yangu ilianza mwaka 1951, nikiwa na miaka kumi na sita. Mama alikuwa ameshafariki. Baba alivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba, hakurudi. Nikabaki na shoka, sufuria na baba mdogo asiyenipenda.

"Njoo unichungie ng'ombe," alisema. "Utakula."

Nikakataa. Kwetu, upande wa Chapwa, mwenye ulezi wake ghalani hatumwi na mtu. Nikakwea miti peke yangu, nikakata matawi, nikayarundika yakauke. Matawi hayo tulikuwa tunayachoma mvua ikikaribia, mbegu tunaimwaga kwenye majivu. Ukichoma mapema, upepo unapeperusha majivu. Ukichelewa, matawi yanalowa, huna kitu. Wa kutuonyesha siku alikuwa Kilimia, kile kikundi cha nyota kinachotokea mashariki jua likishazama.

Mwaka ule wingu moja lilitanda, watu wakaogopa, wakachoma. Moshi wao ukaziba anga yote. Wenye ndugu wengi walimaliza upesi, tena wakiimba. Baba mdogo akapita na wanawe, wote masizi matupu.

"Wewe bwana mkubwa, unangoja nini?"

"Kilimia, baba."

"Kilimia! Tumeshakichoma pamoja na matawi!" Wanawe wakacheka. "Fimbo ya kuchungia nimeshakuchongea, mwanangu. Iko nyuma ya mlango."

Niliogopa, nisiseme uongo. Kila jioni nilikaa kando ya rundo langu nikitazama moshi. Hakuna aliyekuja, hata wa kuomba moto. Moshi ulipoanza kuachana niliona weupe tu, kama unga uliomwagika. Jioni iliyofuata nyota moja ikajitoa, kisha nyingine pembeni yake, mpaka kikundi chote kikawa wazi. Nikasimama, nikapaza sauti: "Kile pale!" Sijui nilikuwa namwambia nani.

Kesho yake mchana nikachoma. Mvua ikayakuta majivu yangu bado yana uvuguvugu. Ya baba mdogo yalikuwa yameshakwenda na upepo. Ulezi wangu ukakubali. Nikaupura peke yangu, nikaupika peke yangu, nikaula nimeelekea ukutani.

Mjukuu wangu anasoma mambo ya nyota chuoni. Ananiambia nyota za Kilimia zilizaliwa pamoja, gizani, ndani ya wingu zito la hewa na vumbi. Zile kubwa zina joto kali. Mwanga wao na upepo wao ndio uliolisukuma wingu mpaka likaondoka. Makundi yenye nyota nyingi nzito hutoka upesi, anasema. Madogo hukawia humo ndani.

"Na nyota iliyo peke yake?" nikamuuliza.

"Babu, nyingi huanza na wenzao. Baadaye ndipo zinatawanyika."

Hilo la kutawanyika naliamini bila kufundishwa. La kusukuma wingu sikulijua. Mimi moshi sikuusukuma, niliungoja tu, na kungoja bila mtu wa kuongea naye ni kazi kuliko kukata miti.

Sikumchungia mtu ng'ombe maisha yangu yote. Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma, bati juu. Nina mashine ya kusaga kule Mlowo. Nina shamba la kahawa, na ng'ombe wangu mwenyewe zizini. Nina redio, kitanda cha mninga, na seti ya viti vya sebuleni. Mimi nakalia kimoja, vingine vingi bado vina nailoni ya dukani.