Mboni ya Barka Hembrom

Mara ya kwanza Nibaran Kundu alipofanya biashara na Jharu mchoraji, Jharu alimshinda, na Nibaran hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi. Alianza maisha kwa kubeba chumvi kichwani kijiji hadi kijiji. Sasa alikuwa na kibanda cha bati na mizani yake mwenyewe kwenye gulio la Jumanne la Palasbani, akinunua vyombo vikuukuu vya shaba na kuvipeleka Kolkata. Siku hiyo mzee mwembamba, mkoba wa kitambaa begani, aliweka sahani mbele yake.

"Ina ufa," Nibaran akasema kabla hata hajaitazama.

"Ufa uko masikioni mwako, tajiri. Igonge."

Nibaran akaigonga. Sahani ikalia kama kengele, ikachukua muda kunyamaza.

"Umeiiba wapi?"

"Nimepewa na maiti."

Wasantali, wenyeji wa vijiji vya huko, waliokuwa wakiuza kuni pembeni walicheka, ila hawakucheka sana. Nibaran akalipa bei aliyotajiwa. Jioni alikuwa bado anajiuliza kwa nini.

Kazi ya Jharu ilikuwa ile ya baba yake na babu yake. Akisikia Msantali fulani amefariki, alingoja mifupa iliyosalia motoni ipelekwe mto Damodar, kisha akafika kwa wafiwa na kikaratasi. Juu yake amemchora marehemu kwa ubavu: mwanamume na upinde wake, mwanamke na kitana chake, kila kitu kamili isipokuwa jicho, ambalo halina mboni. Jharu aliwaambia: mtu wenu huko aliko anapapasa, haoni njia. Wafiwa wakatoa kuku, au shuka, au chombo alicholia marehemu, naye akachovya brashi ya manyoya ya mbuzi kwenye masizi na kumtia mboni pale pale, mbele yao. Marehemu akaona. Wakalia, wakanyamaza, wakamkaribisha pombe ya mchele.

Nibaran alipoelezwa hayo alicheka hadi akashikilia mizani. Aliwajua watu waliouza maziwa yenye maji na mchele wenye mawe. Wa kuuza nukta hakuwahi kumwona.

"Nukta moja, sahani nzima! Mzee wangu, nifundishe hiyo kazi."

"Hutaiweza. Wewe ukiitazama nukta, unaona nukta."

Walizoeana hivyo, kwa kukejeliana. Miaka ikapita. Siku moja Jharu alifunga bilauri ya shaba kwa karatasi yake ya zamani, jicho bado tupu, na mnunuzi wa Nibaran huko Kolkata akaiweka bilauri kando, akaikunjua karatasi. Aliitaka hiyo. Alitaka na nyingine, ila zisiwe na mboni. Zile tupu, alisema, ndizo zinazomfanya mtu asimame kuzitazama ukutani.

Nibaran akarudi mbio.

"Nichoree kumi. Usihangaike na jicho."

"Kumi za nani?"

"Za yeyote."

"Yeyote hajafa."

"Basi mwue kwa brashi, Jharu! Miguu yako imechoka, mvua zinakuja, utazunguka vijiji mpaka lini?"

Hilo la miguu lilimgusa. Jharu alikaa akikuna goti, na Jumanne iliyofuata akaja na jibu. Angechora, lakini watu wa kuuza wote wangekosa nyayo. Asiye na nyayo haendi popote, alisema, kwa hiyo hana haja ya kuona njia. Nibaran akaona ni upuuzi usiomgharimu kitu. Mnunuzi naye hakutazama chini hata mara moja.

Masika yalipopamba moto, Barka Hembrom alifariki. Jharu alimpelekea mjane wake, Salge, karatasi: Barka na upinde wake, mkono wa kushoto vidole vinne, maana cha tano kililiwa na mashine ya kukamua miwa. Salge aliishika kwa mikono miwili. Bakuli la mumewe lilikuwa kwa binti yake ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umefurika.

"Rudi maji yakipungua, baba," alimwambia Jharu. "Mwambie avumilie kidogo."

Jharu aliirudisha karatasi mkobani na kwenda zake. Homa ikamshika njiani.

Nibaran alimkuta kwake amelala, anatetemeka chini ya gunia. Basi la Kolkata lilikuwa linaondoka saa sita, na mnunuzi alikuwa amesema kumi, si tisa. Sakafuni zilikuwepo tisa. Mkoba ulining'inia kwenye msumari. Nibaran alichomoa humo karatasi ya kumi, akaitazama, akaziona nyayo. Aliziona vizuri kabisa, zote mbili, na vidole vyake vyote kumi. Akaiweka pamoja na nyingine, akaacha malipo chini ya taa, akalikimbilia basi.

Siku ya tisa Jharu alifika kibandani, homa imemwacha mifupa.

"Yuko wapi Barka?"

"Barka gani? Nilikulipa kumi."

"Mwenye nyayo, Nibaran. Uliziona."

Nibaran alishika jiwe la mizani, akaliweka tena. "Chora mwingine. Vidole vinne, upinde uleule. Nani atajua?"

Jharu akachora mwingine, maana hakuwa na la kufanya. Alipompelekea Salge, Salge aliisogeza karatasi kwenye mwanga.

"Huyu anafanana naye," alisema. "Yule alikuwa yeye. Yule nilimwambia ng'ombe amezaa. Huyu anajua?"

Na hapa Jharu, ambaye Nibaran alimwona fundi wa uongo kuliko wafanyabiashara wote wa wilaya, alishindwa kudanganya. Alimwambia Salge kwamba mumewe ameuzwa.

Habari ilitangulia miguu yake. Kijiji cha kwanza watu walimwambia wafiwa hawapo. Cha pili, mama mmoja alisimama mlangoni na kumwuliza, "Na wetu utampeleka gulio gani?" Kufikia mavuno hakuna mlango uliomfungukia. Wale wasio na nyayo pia aliacha kuwachora. Alikaa kwake akisokota kamba.

Nibaran alikwenda Kolkata kuitafuta karatasi. Kwa mara ya kwanza tangu enzi za chumvi, alimwambia mtu, "Taja bei yoyote." Mnunuzi alicheka. Ilikwisha kuvuka bahari ndani ya fremu, na jina la aliyeichukua hakuliandika.

Maji yalipokauka, Nibaran alitembea hadi kwa Salge. Hakuwa na mpango, alikwenda tu. Salge alikuwa anapaka ukuta udongo mwekundu, na hakusimamisha mkono.

"Wewe ndiwe tajiri wa shaba."

"Ndimi, mama."

"Huyo aliyemchukua mume wangu, amempa jicho?"

Nibaran alikuwa amedanganya watu elfu kuhusu uzito, nyufa na bei ya shaba, na ulimi haukumkwama hata siku moja. Siku hiyo pia haukukwama.

"Amempa."

"Jeusi?"

"Jeusi tii."

Salge alimtazama kama mtu anayesikiliza chombo kilichogongwa, akingoja kinyamaze. Kisha akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na bakuli la mumewe.

"Mpelekee. Ni haki yake aliyemtia jicho."

Aliyemtia jicho hakuwepo; Nibaran alilipeleka kwa Jharu. Jharu aliligonga kwa ukucha, akasikiliza hadi mwisho.

"Umemwuzia nini?"

"Nukta."

"Uliitia wapi?"

Jharu akamrudishia bakuli, akaendelea na kamba yake, na kamba aliyokuwa akiisokota ilikuwa nzuri, imenyooka. Alikufa msimu wa umande. Hakuna aliyemchora; aliyejua kuchora alikuwa yeye.

Salge, kwa habari zinazofika gulioni, huwaambia jirani zake kwamba Barka anaona, na ng'ombe amezaa tena. Nibaran anauza karatasi za watu wengine siku hizi, maua na samaki, na zinatoka. Bakuli liko rafuni nyuma ya mizani. Mteja akiliulizia, humwambia lina ufa.