Damu ya Mdogo Mtu

Siku ya Nanenane, watu wa Makutupora walipokuwa kwenye maonyesho ya wakulima, nilimpoteza binti yangu mkubwa. Alikuwa kidato cha pili. Tulimtibu malaria, tukamtibu taifodi, na ilipokuja kujulikana ni kisukari alikuwa amebaki mifupa. Insulini ilimrudishia mwili kwa muda. Halafu mwili ukakataa.

Nilibaki na mdogo wake, na hofu yangu yote ikahamia kwake. Akiomba maji, nilimtazama anavyokunywa. Akiamka kwenda chooni, nilikuwa macho.

Matanga yalipokuwa hayajaondolewa, alikuja daktari mmoja wa kike kutoka mjini, kijana bado. Alimjua marehemu kwenye kliniki ya kisukari. Alivua viatu, akakaa mkekani kati yetu. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kumwogopa mtu, akamuuliza, "We binti, umekuja kulia au umekuja kazini?"

"Shikamoo bibi. Leo nimekuja kulia."

Na kweli alilia. Neno la kazi hakulitamka siku ile.

Alirudi msimu wa kuvuna zabibu, na sanduku la barafu. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nasema kama nilivyoelewa. Alisema ndani ya damu kuna protini, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwa watoto wengine, baadhi ya hizo protini hujitokeza mapema, wakati mwili umeanza kulishambulia kongosho lake, kiungo kinachotengeneza insulini, kabla mtoto hajaugua. Yeye na wenzake walikuwa wanazitafuta kwa vijana wenye kisukari na kwa ndugu zao. Damu ya binti yangu mkubwa, aliyoitoa akiwa hai, ilikuwa bado kwenye jokofu lao. Sasa aliomba ya mdogo wake.

"Damu yote hiyo mtaikaanga?" akauliza bibi.

"Ni kijiko tu, bibi."

"Kijiko cha chai au cha kupakulia?"

"Cha chai. Ukitaka nitakuonyesha."

Nilikubali. Akatuachia agizo moja: kesho asubuhi mtoto asile chochote mpaka yeye afike.

Asubuhi alimtoboa kidole kwanza, aone sukari. Kile kimashine nilijifunza kukisoma nikimuuguza dada mtu. Nilisoma namba kabla daktari hajasema kitu. Ilikuwa juu kwa mtu ambaye hajala. Nikakaa kizingitini.

"Hajala?" daktari aliuliza.

"Hajala," tulijibu wote, mimi, bibi na mtoto mwenyewe.

Daktari aliinama. Akamtazama mtoto vidole, kisha akamwambia, "Hebu toa ulimi."

Ulimi ulikuwa wa zambarau.

"Ulikuwa wapi asubuhi hii?"

"Shambani na bibi. Tulikuwa tunavuna kabla jua halijawa kali."

"Na zabibu ulikula?"

"Nilionja tu."

Bibi akaja juu. "Zabibu nayo ni chakula? Hapa nani anahesabu zabibu? Mtu akivuna anaonja, asipoonja atajuaje zimeiva? Ulisema asile. Ugali hajagusa!"

Daktari alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa koti. Mimi sikuweza kucheka. Akaja kukaa nami pale kizingitini. "Mama, kosa ni langu," akasema. "Niko Makutupora na sikuuliza habari za zabibu."

Wasomi niliokutana nao kabla ya hapo walikuwa wepesi wa kutufokea. Huyu alifunga sanduku lake, akarudi mjini mikono mitupu, na kesho yake alfajiri alikuwa mlangoni kwetu kabla bibi hajafunga khanga ya kwenda shambani. Sukari ya mtoto ilikuwa sawa. Akachukua damu, akamwonyesha bibi kichupa, bibi akakubali kwamba ni kijiko cha chai. Kisha akaondoka mbio, kwa sababu alisema damu ikicheleweshwa kwenye joto, protini zinaharibika.

Tulisubiri muda mrefu. Zabibu zilichumwa zikaisha, mizabibu ikakatwa matawi. Angeweza kupiga simu, lakini alikuja mwenyewe. Nilimwona anatoka kwenye gari nikamwendea bila hata kumsalimia.

"Protini tunazozijua hatukuziona kwake," alisema.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Lakini binti yangu hakushangilia. Akauliza, "Na dada, alikuwa nazo?"

Daktari angeweza kumpa mtoto jibu jepesi. Alimtazama usoni. "Hapana. Dada naye hakuwa nazo. Watoto wengi wa huku wanaugua na hatuzioni. Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba hutaugua. Lazima kuna alama nyingine, na bado hatujaijua. Ndiyo tunayoitafuta."

Mimi nilisikia uchungu, na katikati ya uchungu nikamheshimu yule daktari kuliko siku zote, kwa sababu hakutudanganya.

Akaniomba ruhusa waendelee kuitunza damu ya marehemu. Nikasema waitunze.

"Na yangu mtahitaji tena?" mtoto akauliza.

"Ukikubali. Na mama akikubali."

Niliitikia kwa kichwa. Binti yangu akapandisha mkono wa sweta ya shule, akanyoosha mkono wake mezani.