Firigisi ya Mzee Msengi

Kila ninapokaanga firigisi kwa mafuta ya alizeti, harufu yake hunirudishia hasira. Sitanii. Hata kabla mate hayajanijaa mdomoni, hasira inatangulia, nami ninakuwa tena mtoto wa miaka kumi na mmoja ndani ya mgahawa wa mama pale Kiomboi, nimeshika sahani, ninamtazama Mzee Msengi akikunja uso.

Mzee Msengi alikuwa fundi baiskeli mtaa wa pili. Alikuja kula kila siku saa saba mchana, na kila siku alikuwa na neno. Leo mlenda umekuwa mzito. Leo chumvi imezidi. Kesho yake chumvi haipo. Siku chakula kilipokosa kasoro, benchi lilikuwa linayumba. Aliyasema hayo kwa sauti, wateja wengine wakisikia, na mama, mikono imejaa unga, alimjibu vilevile miaka yote: "Asante, baba. Nimesikia."

Hilo ningelivumilia. Kilichonishinda ni firigisi. Kwetu firigisi ni ya baba wa familia. Mtoto anaambulia harufu tu. Baba yangu alikwishafariki, nami nilijipa matumaini kwamba zamu yangu imefika. Wapi! Kila mama alipochinja kuku wa mgahawa, firigisi aliiweka kwenye bakuli, akaifunika, ikamsubiri fundi baiskeli.

Mwaka ule mvua ilikuwa haba na wateja walipungua hadi tukawa tunarudi nyumbani na nusu ya ugali. Nilimsikia mama akimwambia shangazi kwamba mambo yakiendelea hivyo, Krismasi haitamkuta na mgahawa. Sikulala vizuri siku nyingi.

Ndipo Jumamosi moja, mama akiwa amekwenda kuchota maji, akaingia dereva wa basi la Singida. Aliniita mama mdogo kwa utani, akasema akihudumiwa vizuri atakuwa anawaleta abiria wake kula hapa kila safari. Kisha akauliza firigisi iko wapi. Mimi niliona wokovu wetu umekaa pale kwenye benchi. Nilifunua bakuli, nikampa. Alikula, akalamba vidole, akasema hajawahi kula chakula kitamu namna ile tangu azaliwe.

Mama aliporudi nilimweleza kwa majigambo. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliweka ndoo chini, akatoka uani, akamkamata mtetea wangu mwekundu niliyepewa na bibi, aliyekuwa karibu kuanza kutaga, akamchinja. Mzee Msengi alisubiri zaidi ya saa nzima huku akilalamikia benchi. Firigisi ya kuku wangu ilipomfikia, aliitafuna taratibu.

"Mama Rehema, hii imekauka."

"Asante, baba. Nimesikia."

Nilikwenda kulia nyuma ya jiko. Jioni, tukiosha masufuria, nikamuuliza mama kwa nini anamshukuru mtu anayemdharau.

"Siku nilipofungua nilipata wateja wanne," alisema. "Ugali ulikuwa mbichi. Watatu wakaniambia asante mama, chakula kizuri, na hadi leo sijawaona. Huyu akaniambia ugali wako mbichi, akaumaliza. Kesho yake akarudi kuangalia kama nimejifunza."

Niliona hayo ni maneno ya mtu aliyekata tamaa. Kuku wangu alikuwa amekufa, na huo ndio ulikuwa ukweli niliouona. Dereva naye hakurudi. Kwa miezi basi lake lilipita likipiga honi, nami nilikimbilia mlangoni kila mara, mjinga mimi. Lakini mgahawa haukufungwa. Mama alipika sufuria dogo, kesho yake akapika tena, hadi mvua zikarudi na watu wakarudi.

Siku hizi magoti yanamsumbua mama, na mgahawa ninauendesha mimi. Mzee Msengi tulikwishamzika. Wateja wangu ni wapole kupita kiasi. "Chakula kitamu, dada," wanasema, wanaacha nusu ya sahani, wanapotea. Ukiwauliza kosa liko wapi, wanatabasamu. Wananichosha kuliko alivyonichosha yule mzee, na ninyi mnaonisoma, kama mna tabia hiyo, iacheni.

Wiki iliyopita nesi mmoja kijana alionja maharage yangu, akasema mbele ya watu, "Dada, haya hayajaiva." Damu ilinichemka. Niliyotaka kumwambia siwezi kuyaandika hapa. Kilichotoka mdomoni ni, "Asante, mdogo wangu. Nimesikia."

Aliyamaliza, akaondoka. Kesho yake nilichinja kuku, nikaweka firigisi kwenye bakuli, nikaifunika. Saa saba ikapita. Nilifuta meza moja mara tatu, macho mlangoni, nikijilaumu kwa upumbavu. Kisha akaingia, akaketi, akaonja maharage, akakunja uso.

"Leo chumvi imezidi," alisema.

Nikaenda kuleta bakuli.