Kesi ya Sindano, Garsen

Hadi leo nikisikia wakili akisifiwa kwa ulimi wake, mate hunijaa kinywani kama ya mtu anayetaka kutapika.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mkalimani wa mahakama Garsen, kijana wa wakulima wa mtoni niliyejua lugha ya wafugaji. Mfugaji mmoja alikuwa amedungwa sindano ya homa na dresa, msaidizi wa tabibu wa zahanati, na tangu hapo mguu wake wa kulia ukawa unaburutwa kama gogo. Asiyetembea hafuati ng'ombe. Alitaka fidia aajiri mchungaji, la sivyo ndugu zake wangegawana kundi, naye abaki wa kulishwa.

Kumtetea dresa alikuja wakili mkubwa kutoka Mombasa, aliyezeekea katika kesi za watu walioumizwa. Alinukia marashi. Ndani ya chumba kile cha mabati, kati ya jasho na mavi ya popo, harufu ile ilinikaa kooni.

"Mzee," alianza kwa upole, "baada ya sindano, dresa alikuja kwako?"

"Alikuja kunipa pole. Alileta sukari."

"Ukampokea?"

"Ni mgeni. Alikunywa maziwa yangu."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia hakuna ubaya, ni kazi ya Mungu."

Wakili akaketi. Alikuwa ameuliza kama mtu anayejua majibu.

Kwa wafugaji wale, mgonjwa hamlaumu mtu aliyeinama kuingia nyumbani mwake na kunywa maziwa yake. Lawama hupelekwa mbele ya wazee. Ndani ya nyumba jibu ni hilo moja, hata kama mguu umeoza. Nilianza kumweleza hakimu. Akanikatiza: "Mkalimani, wewe tafsiri tu." Wakili alitabasamu akitazama kucha zake.

Kesi ikatupwa. Mgonjwa mwenyewe, alisema hakimu, amekiri kwamba hakutendewa ubaya.

Nje, baada ya chakula cha mchana, dresa alipita ameinamisha kichwa. Mfugaji, akiwa ameegemea fimbo, akamwita kwa lugha yake.

"We mwanangu, mama yako amepona?"

"Anaendelea, baba."

"Msalimie."

"Anasemaje?" wakili akaniuliza, akichokoa nyama ya mbuzi menoni. Nikamwambia. Akacheka hadi tumbo likatikisika. "Unaona? Hata kinyongo hana. Ningepata mashahidi kama huyu kila wiki, ningestaafu mapema."

Akanipa mkono. Ulikuwa na mafuta ya nyama, laini, na vuguvugu kama kitu kilichotoka kuchinjwa. Niliupangusa wangu kwenye kaptula, nikaupangusa tena kwenye nyasi.

Karibu na kivuko, ndugu za mfugaji walikuwa wameshaanza kubishana ng'ombe yupi ni wa nani. Yeye aliketi chini, mguu umenyooshwa mbele yake, akiwasikiliza.

"Yule mwekundu," akawaambia, "msimnyweshe pamoja na wenzake. Hupiga pembe."